Barua Mbili za Mzee Mutahi

Tega sikio nikutegee. Kuna mlango mmoja: ukipiga hodi mara ya kwanza unaambiwa ngoja, ukipiga hodi mara ya pili unaulizwa wewe ni nani. Mlango gani? Wa mbinguni, unasema. Hapana, wa mbinguni hauna karani. Wa mama mkwe? Umekaribia, lakini bado. Basi nipe mji. Nipe Naro Moru yote na baridi yake, nami nikufungulie: ni mlango wa ofisi ya viza. Aliyepiga hodi mara mbili ni Wachuka, mfuaji wa shuka.

Jumatatu hiyo ya mwezi wa tatu, mwaka wa sabini na nne, Wachuka alikuwa katika chumba cha kufulia cha hoteli ya wapanda mlima, akikunja shuka peke yake. Shuka pana ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika huku, mwingine anashika kule, wanavuta mpaka nguo inalia pa, kisha wanaendeana kama watu wanaotaka kusalimiana. Wachuka alikuwa amegongomea misumari miwili ukutani. Pindo moja alilitundika hapo, akavuta lile la pili. Lakini msumari hauvuti. Msumari unashikilia tu.

Zamani aliyeshika upande ule alikuwa Theuri, mpagazi wa mlimani. Akishuka na mizigo ya wageni, miguu imekufa ganzi, aliingia kuota moto kwenye jiko la kukaushia viatu, na kwa kuwa hakujua kukaa bure, akashika shuka. Ndivyo walivyopendana, kwa kukunja. Halafu mgeni mmoja akampenda Theuri kwa bidii yake, akamtafutia kazi katika kiwanda cha mikate huko Leeds, Uingereza, na tiketi ikafika kabla wazee hawajamaliza maneno yao. Mbuzi wa mahari walikuwa wamekwisha pelekwa Endarasha, kwa kina Wachuka. Ile siku ya ngurario tu ndiyo ilikuwa imebaki, siku ya kukata bega la kondoo mbele ya pande zote mbili ndipo watu waseme, basi, huyu ameoa. Ilipofika, Theuri alikuwa juu ya bahari, ndani ya ndege. Binamu yake Muriithi ndiye aliyeshika kisu kwa niaba yake. Wazee walinung'unika. Mzee Mutahi, baba yake Theuri, akawaambia mkono wa ndugu ni mkono. Wakala, wakafuta mafuta midomoni, na Wachuka akahamia kwa mkwewe, ambaye mkewe alikuwa amefariki na nyumba yake ilikuwa na moshi bila harufu ya chakula.

Mwaka uliofuata waliomba viza ya mke. Mzee Mutahi alikwenda kwa chifu, ikaandikwa barua kwamba Wachuka ni mke halali wa Theuri kwa desturi ya Kikuyu, Mzee akabonyeza kidole gumba chini yake, chifu akagonga muhuri. Ofisi ikajibu: ngoja. Wachuka akangoja. Alingoja mvua ndefu, akangoja mvua fupi, viazi vikachimbwa, vikapandwa, vikachimbwa. Kila alipoandika kuuliza, jibu lilikuwa lile lile, kwamba faili lake linashughulikiwa.

Kisha mwezi wa kwanza mwaka huu alikuja mama mmoja Mzungu, mwenye hoteli yake kando ya bahari huko kwao Uingereza. Alilala kwenye shuka za Wachuka siku tatu, na siku ya nne akaja chumba cha kufulia kuona mikono iliyozipiga pasi. Akampa kazi ya miezi sita, Mei mpaka Oktoba. Kilichotakiwa kilikuwa viza nyingine tu, ile ya kazi ya muda.

Wachuka na mkwewe walipeleka fomu Nyeri mjini kwa Dawud wa Shee, aliyekuwa akiwaandikia watu barua kwa taipureta barazani, karibu na posta.

"Hapa wanauliza, umeolewa au hujaolewa," Dawud alisema.

"Nimeolewa."

"Bwana yuko wapi?"

"Leeds."

Dawud akaondoa vidole kwenye taipureta kama aliyeungua. "Binti yangu, mtu aende kufua kwa miezi sita, na mumewe yumo nchi hiyo hiyo, nani ataamini kwamba atarudi? Watasema huyu hafuati shuka, anafuata mwenye kulala ndani yake."

"Si ni kweli?" alisema Mzee Mutahi.

"Ni kweli, Mzee, lakini kweli hiyo haipandi ndege. Huna nyingine?"

Mzee Mutahi aliegemea fimbo yake akafikiri. "Iko," alisema. "Kwetu mahari haiishi. Mtu analipa mpaka anazikwa, halafu mtoto wake anaendelea. Na kile kisu, kijana wangu hakushika. Mtu akitaka kusema huyu bado ni msichana wa kwao, anaweza kusema, na hapana mzee wa Endarasha atamwita mwongo."

"Na ile barua ya kwanza, uliyosema ameolewa?"

"Hata hiyo ni kweli."

"Subhanallah. Nyinyi watu mnaweza kumwoza mtu na kumbakisha kwao siku moja."

Walicheka wote watatu. Wachuka alicheka zaidi, mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Mzee akarudi kwa chifu, barua ya pili ikaandikwa kwamba ndoa haijakamilika, kidole kikabonyezwa, muhuri ukagongwa. Viza za wake zilipelekwa dirisha la kushoto, za kazi dirisha la kulia. Hakuna aliyewaza kwamba madirisha hayo yana karani mmoja nyuma yake.

Sasa jibu lilikuwa limefika. Warigia wa jikoni aliingia chumba cha kufulia akiwa ameishika bahasha kwa ncha za vidole, maana mikono yake ilikuwa na unga.

"Ni ya serikali hii. Iko na dirisha. Fungua nione kama nitabaki na kazi yako."

Ilimwita Wachuka Nairobi Jumatano. Warigia akampigia kigelegele kifupi, cha chumbani.

Ofisa wa viza huko alikuwa Mzungu wa makamo, aliyezaliwa mashambani upande wa Nanyuki, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamuru ng'ombe na wapishi. Lakini hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti. Akaweka barua mbili mezani, moja kando ya nyingine, akazinyoosha zilingane.

"Chifu moja," alisema. "Muhuri moja. Kidole moja. Hii nasema wewe bibi ya Theuri. Hii nasema hapana bibi. Gani ya kweli?"

Wachuka alizitazama. Zilikuwa safi zote mbili.

Ofisa akamweleza polepole, akirudia. Kama ile ya pili ni ya kweli, atalipitisha faili la kazi, na lile la mke atalifunga leo hii, wala halitafunguliwa tena kwa mwanamume yule. Kama ile ya kwanza ni ya kweli, basi amedanganya kwenye fomu ya kazi, na kazi hakuna. Faili la mke litaendelea kungoja.

"Linangoja nini, bwana?" aliuliza Wachuka. "Limengoja miaka miwili."

Ofisa akaligeuza faili upande wa Wachuka ili aone. Kulikuwa na nakala za barua tatu, zote zimeandikwa kwa Theuri, Leeds. Ofisi ilikuwa ikimwomba alete cheti cha nyumba anayokaa, na neno lake kwamba anamtaka mkewe aende. Moja ya mwaka jana mwezi wa pili, moja ya Krismasi, moja ya mwezi uliopita.

"Yeye hapana jibu," alisema ofisa.

"Labda amehama."

"Barua napotea, narudi hapa. Hii hapana rudi. Iko mtu nachukua."

Akampa juma moja. Arudi Jumatano ijayo na jibu, na aje na yule mzee mwenye kidole.

Basi la kurudi lilisimama Sagana, abiria wakashuka kununua mahindi ya kuchoma. Wachuka alibaki kitini. Mwuzaji mmoja alimwinulia hindi dirishani, akamwuliza mara mbili kama anataka, na Wachuka alimtazama bila kuelewa ameulizwa nini.

Nyumbani alimkuta Mzee Mutahi amemenya viazi mwenyewe, jambo ambalo wazee wa rika lake hawakulifanya hata wakiwa na njaa. Viazi vilikuwa vimemenywa vibaya, nusu ya nyama imeondoka na maganda.

"Wamesema nini?"

Alimwambia yote. Mzee alisikiliza akiutazama moto.

"Mara tatu?" aliuliza.

"Mara tatu, Baba."

"Posta ya huko ni kubwa. Labda..."

"Hazikurudi."

Mzee akasukuma ukuni motoni. Barua ya mwisho ya Theuri kwa nyumba ile ilikuwa imefika kabla ya hiyo ya kwanza ya ofisi. Walikuwa wamekizoea kimya hicho kama mtu anavyozoea jino bovu, kwa kutafunia upande wa pili.

"Baba," alisema Wachuka. "Kidole ni chako. Barua gani ni ya kweli?"

Mzee Mutahi akainuka, akasema anakwenda kumkamua ng'ombe. Ng'ombe alikuwa amekwisha kamuliwa. Alikaa huko nje mpaka viazi vikapoa.

Hakujibu kesho yake, wala kesho kutwa. Waliishi kama watu wawili wanaobeba mtungi uliojaa, kila mmoja akichunga asimwage. Wachuka alimwekea maji ya kunawa, alimwekea uji, Mzee akasema asante mwanangu, na macho yake hayakupanda juu ya kikombe.

"Mimi ningesema sijaolewa hata kama niko na watoto saba," Warigia alimwambia kazini. Alikuwa amekuja kumshikia shuka, maana siku hizo Wachuka alikuwa akisahau pindo kwenye misumari na kusimama tu. "Ati mume. Mume gani hata stempu hana? Sema hapana, uende, ufue, urudi na koti ya manyoya unionyeshe madharau."

"Natamani Baba aseme ni ya kwanza."

"Na ukose kazi?"

"Na nikose."

"Wewe uko na kichwa ya kondoo."

"Kama si ya kwanza, Warigia, miaka hii mitatu nimekuwa nikipika katika nyumba ya nani?"

Walivuta shuka. Haikulia pa. Ilikuwa bado na unyevu, ikabidi irudi kambani.

Jumapili Mzee Mutahi hakwenda kanisani. Alivaa viatu alfajiri akatoka bila kuaga, na giza lilipokuwa linaingia akarudi, suruali ina vumbi jekundu mpaka magotini. Alisema alikuwa Endarasha. Alisema mama yake Wachuka anamsalimu. Wachuka alingoja aongeze neno, naye akaomba maji ya moto ya kukanda miguu.

Jumatano alivaa koti jeusi, lile alilonunua siku ya kumsindikiza Theuri uwanja wa ndege. Lilikuwa limempwaya mabegani. Katika ofisi alikataa kiti mpaka Wachuka alipokaa kwanza.

Ofisa aliweka barua mbili mezani, akazinyoosha.

"Mzee," alisema, "hii kidole yako?"

"Ni yangu."

"Na hii?"

"Hata hiyo."

"Mtu moja hapana weza kuwa bibi na kuwa hapana bibi. Mimi nauliza huyu mama, yeye nyamaza. Sasa mimi nauliza tena." Akamgeukia Wachuka. "Gani ya kweli?"

Wachuka alikuwa amejiandaa njia nzima. Tangu Karatina alikuwa akilirudia neno moja kimoyomoyo, ya kwanza, ya kwanza, hata lilipokosa maana likabaki sauti ya magurudumu. Sasa aligeuza shingo akamtazama mkwewe, akamtazama kwa macho yote, kama mtu aliye kwenye kivuko anavyomtazama aliyetangulia ng'ambo. Sema ni ya kwanza, Baba. Kidole ni chako. Sema.

Mzee Mutahi alikuwa ameinamia meza. Hakujua kusoma. Aliuweka mkono wake juu ya barua ya kwanza, akalitafuta doa la wino kwa ncha ya kidole gumba, akalifunika, kikaenea sawasawa. Karani wa nje alikohoa. Ofisa akaishika kalamu, akaiweka chini tena.

Kisha Mzee akaisukuma barua ile polepole, ikateleza mpaka upande wa ofisa, akaiondolea mkono. Hakumtazama Wachuka.

"Ile ya pili," alisema. "Nimeongea na baba yake, na mbuzi sidai warudi. Huyu ni binti wa watu. Mwache aende."