Tarehe Iliyokatwa Mara Nne

"Umeikata mara nne!" alisema wifi yake, huku akizungusha mnyororo kwenye bunda la nondo. "Mara nne, wifi! Hata mtoto wa darasa la kwanza hafuti hivyo."

"Na daftari langu ulilifungua ukitafuta nini?"

"Karatasi ya kumchorea mwanao ramani. Nikakuta ramani yako. Nzuri sana, ila imefika mlangoni ikasimama."

Walikuwa chini kabisa ya jengo lililokuwa limefika ghorofa ya saba, buti zao zimejaa saruji. Wifi mtu, mdogo wake mume, alikuwa mfunga mizigo. Mwenye daftari alikuwa Trafiki. Kazini hakuna aliyemwita vingine, kwa sababu kwa miaka minane alikuwa amesimama pale chini, redio mkononi, akimwelekeza mwendesha kreni: pandisha, geuza kushoto, taratibu, shusha. Chuma cha tani mbili kilisimama hewani alipokunja ngumi. Wanaume ambao nyumbani kwao hawasikii la mtu walikimbia akipuliza filimbi.

Kwenye daftari hilo, lililokuwa la hesabu la mtoto wake wa pili, alikuwa ameandika lengo moja tu: kuendesha kreni kabla sijafika arobaini. Chini yake hatua tatu. Kupata cheti: vema. Kufanya mazoezi chuoni kila Jumapili hadi saa mia moja zitimie: vema, na mume akajua kupika apende asipende. Kumwomba msimamizi kazi: hapo ndipo palipokuwa na tarehe zilizokatwa moja juu ya nyingine, kama kuku amepita na miguu ya wino. Na zilibaki wiki tatu tu afike arobaini.

"Mzee wa Juu anashuka kwenye kreni leo jioni, anakwenda zake," wifi aliendelea. "Kesho kile kiti anakikalia mgeni. Utamwelekeza na huyo miaka minane? Za mwizi arobaini, na zako ndizo hizi!"

"Sasa niende nikamwambie nini msimamizi? Samahani bosi, naomba kile kiti?"

"Hivyo hivyo! Mdomo unao. Mimi nilikaa kwa kaka yangu wiki moja tu ukaniambia naoga maji ya watu watatu."

"Ulikuwa unaoga maji ya watu watatu."

"Basi mwambie na yeye ukweli!"

Trafiki aliikaza redio mkononi kama anataka kuikamua. "Hujui wewe. Leo kile kiti ni changu hapa kichwani. Nikiuliza akasema hapana, hata kichwani nimefukuzwa. Halafu nikataliwe na nani? Mtu ambaye mwenyewe akipanda ngazi tatu anashika ukuta!"

Wifi aliinua macho kutazama juu. Ndipo Trafiki alipogundua kwamba hata nyundo hazilii. Ghorofa ya tano, mafundi sita walikuwa wameegemea ukingo wakimtazama. Ya nne, mmoja ameziba mdomo kwa kofia. Akautazama mkono wake. Kidole gumba kilikuwa kimekandamiza kitufe cha kuongelea, na kilikuwa hapo tangu mwanzo.

Akakiachia kama kaa la moto. Redio ikalipuka kwa vicheko.

"Trafiki," ilikuja sauti nzito kutoka kibanda cha kreni, ya Mzee wa Juu. "Cheti unacho?"

"Ninacho," alijibu.

"Saa ngapi za mazoezi?"

"Mia moja na nne."

"Na umeninyamazia! Miezi yote nakaa peke yangu huku kama kunguru!"

Ikaingia sauti nyingine. "Trafiki. Baki hapo hapo ulipo."

Msimamizi.

"Haya," wifi alisema, akifuta mikono kwenye suruali. "Walau hatua ya tatu tayari."

Msimamizi alikuja mbio, michoro ameikunja kwapani, kofia imekaa upande. "Kwa hiyo mimi nikipanda ngazi tatu nashika ukuta."

"Ni nne, bosi," wifi alisema. "Nilizihesabu."

"Wewe sijakuuliza!" Akamgeukia Trafiki. "Nimeshaongea na mtu. Anakuja saa nane kusaini. Na huko juu hakuna choo, unajua? Masaa manne, matano, wewe na kiti na upepo."

Trafiki alifungua mdomo akitegemea kuomba radhi. Kilichotoka kilimshangaza mwenyewe.

"Nimebeba mimba tatu, bosi, nikapanga foleni za kliniki tangu alfajiri. Kibofu changu kina adabu kuliko mafundi wako, ambao kila mzigo ukifika wamebanwa."

Ghorofa ya tano wakapiga makofi.

"Upepo ukizidi je?"

"Nashusha mzigo kabla sijauliza mtu. Na kazi ikisimama, mkono wa kreni naufungulia uzunguke na upepo, siufungi breki. Mwezi wa tatu ni nani alikukumbusha hilo? Kingine?"

Alisogea hatua moja mbele. Miezi yote alijiandaa kwa swali moja dogo la heshima, kumbe majibu ndiyo yalikuwa yamejipanga mstari.

Msimamizi alikohoa, akashusha sauti. "Sikiliza. Wewe ni mfanyakazi mzuri. Mradi ujao, mwakani, nitakupa nafasi. Naahidi mbele ya hawa wote."

Mwakani. Neno zuri, lina mto na shuka. Mtu anaweza kulilalia. Tarehe ya tano hiyo, na safari hii ingeandikwa na bosi.

"Au?" aliuliza Trafiki.

"Au panda sasa hivi. Mzee wa Juu asimame nyuma yako. Hizi nondo zifike ghorofa ya saba, zilale kati ya nguzo mbili za mwisho. Zikilala sawa, namwambia yule mtu asije. Ukigonga hata tofali, usiniulize tena. Si mwakani, si milele."

Trafiki aliinua macho akautazama mnara. Alimgeukia wifi yake. "Nani atanielekeza?"

"Mimi, nani mwingine? Nina cheti cha kuelekeza tangu mwaka jana. Hukuniuliza."

"Mungu wangu. Utanifokea."

"Sana! Nimengoja miaka kumi."

Akamtupia redio. Akavaa mkanda wa usalama, akavuta kila kifungo mara mbili, akashika ngazi ya mnara.

Mnara ulikuwa na ngazi kumi na moja, moja juu ya nyingine. Kila alipofika mwisho wa moja mafundi waliihesabu kwa sauti: tatu! nne! Kwenye ya saba mapaja yaliwaka moto na wao walipiga mabati. Kwenye ya tisa aliona paa la shule ya wanawe, dogo kama kibiriti, akacheka peke yake. Kumi! Kumi na moja!

Mzee wa Juu alimfungulia mlango akiwa na ndala miguuni. "Futa matope kwanza. Hii ni nyumba ya mtu." Kisha akasogea nyuma ya kiti na kukunja mikono. "Sitasema neno. Nikisema, ujue tumekwisha."

Akakaa. Kiti kilikuwa cha moto. Akasoma kipimo cha upepo: sawa. Kipimo cha uzito: sawa. Ukingoni mwa ghorofa ya saba wifi alikuwa amefika, anahema, mkono hewani.

"Juu, unanisikia? Mnyororo umekaza. Na huo mdomo wa chini acha kuung'ata."

"Unauonaje kutoka huko?"

"Nakujua. Twende!"

Trafiki alipiga honi mara mbili, akabonyeza redio ya kibandani. "Ondokeni wote chini ya mzigo. Bosi, na wewe." Akauvuta mpini kwake, taratibu, kama anavyomvutia shuka mtoto aliyelala.

Nondo ziliacha ardhi. Zikapanda mbele ya ghorofa ya pili, ya nne, ya sita, zimetulia kama maji kwenye bakuli.

"Kushoto. Kushoto, nimesema! Hapo. Mbele kidogo. Unakimbilia wapi? Taratibu. Shusha. Shusha. Shusha..."

Ngumi ya wifi ikakunjwa. Trafiki akasimamisha. Nondo zikabaki kiganja kimoja juu ya sakafu, katikati kabisa ya zile nguzo mbili, hazichezi.

"Laza," alisema wifi, kwa sauti ya chini ambayo hakuwahi kuitumia kwake.

Akazilaza. Zikalala sawa.