Shemsa Ndani ya Kamba Nyekundu

Usiku wa jana niliota nimempeleka mwanangu Shemsa kutalii Vigan, ule mji wa kale wa Ufilipino, na aliyekuja kutupokea alikuwa farasi.

Alikuwa amefungwa kwenye gari la magurudumu mawili ambalo wenyewe wanaliita kalesa. Masharubu yake yalikuwa na mvi, kwa hiyo nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kwa urithi, kwa sherehe au kwa chakula?"

"Vyote."

"Basi urithi hukaa mbele, chakula hukaa nyuma. Sherehe itatufuata kwa miguu."

Nikapanda mbele, Shemsa mgongoni ndani ya kanga. Kiti cha nyuma kilikuwa na empanada. Ni kama sambusa kubwa iliyojikunja, rangi ya chungwa, na tumboni ina yai, papai bichi na soseji ya kitunguu saumu. Ilikuwa peke yake, imeketi wima.

"Unile ningali moto," ikaniambia.

"Subiri kidogo, nina mtoto."

"Kila mtu ana mtoto," ikajibu, na ikaanza kupoa kwa makusudi.

Barabara yote ni ya mawe. Nyumba zake chini ni za matofali, juu za mbao, na madirisha yake hayana kioo. Yamewekwa vipande vya maganda ya chaza vilivyosuguliwa hadi vikaanza kupitisha mwanga. Kanuni ya mgeni pale ni kwamba mji lazima uonjwe, basi farasi anasimama kila kona na mimi nashuka kulamba ukuta. Wa kwanza ulikuwa na ladha ya chokaa. Wa pili ulikuwa na kitunguu saumu, nikarudia.

"Umezidi chumvi kidogo," nikauambia.

"Ndiyo iliyonisimamisha mpaka leo," ukuta ukajibu.

Kwenye kona iliyofuata kanga ikalegea. Nikamweka Shemsa chini juu ya mawe, nimetandika kitambaa chake, ili niifunge upya. Ni kitendo cha kufumba na kufumbua. Nilipoinua macho, mwanangu alikuwa amezungushiwa nguzo za shaba na kamba nyekundu, na kifuani amevalishwa kibao: MTOTO MCHANGA. HALI NZURI. USIGUSE.

Pembeni yake limesimama dirisha. Limeshuka kutoka ghorofani, limevaa tai.

"Mimi ni Mhifadhi Mkuu wa Mji," likasema.

"Sawa. Nipe mtoto wangu."

"Haiwezekani. Kinachowekwa chini ndani ya eneo la urithi hubaki kama kilivyo. Hakipakwi rangi, hakiongezwi ghorofa."

"Huyu ni mtoto."

"Nimeona. Amejengwa vizuri sana, hasa mashavu. Hatuwezi kuyaacha yaharibike."

"Yaharibike kwa nini?"

"Kwa kukua."

Jamani, mimi si mtu wa kugombana. Hata sokoni nikipunjwa naondoka kimya. Lakini pale hasira ilinipanda mpaka masikio yakawasha.

Watalii walikuwa wameshajaa. Mama mmoja mwenye mwavuli akashika kifua akasema, "Yaani laiti angebaki hivi hivi!"

"Atabaki," Dirisha likamhakikishia. Wakapiga makofi.

Nikanyoosha mkono wa kulia, kamba ikaja kulia. Nikanyoosha wa kushoto, kamba ikaja kushoto. "Usinilazimishe, mama," kamba ikasema. "Na mimi niko kazini." Shemsa akaanza kulia, kile kilio chake cha njaa ambacho mimi nakijua. Maziwa yakaanza kutoka yenyewe, yakalowesha blauzi, yakadondoka.

"Yasidondoke kwenye mawe," Dirisha likasema. "Mawe haya hayajawahi kunywa maziwa."

"Yataanza leo!"

"Mama, shusha sauti. Ni sauti mpya hiyo, haimo kwenye mji."

"Hebu niambie wewe," nikalisogelea mpaka pua yangu ikagusa tai yake. "Ulizaliwa dirisha?"

Likanyoosha tai yake. Ni dirisha, lakini halisemi uongo.

"Nilizaliwa chaza. Nilikuwa baharini."

"Halafu?"

"Nikavuliwa. Nikasuguliwa. Nikawa mwembamba."

"Ukabadilika!"

"Nikabadilika."

"Kwa kibali cha nani?"

"Kipindi hicho vibali vilikuwa havijaanza," likasema, na watalii wakaguna kwa kuridhika, kama watu waliosikia jambo la maana.

Kisha likatoa kibao cha pili, cha kwangu. MAMA, AKIWA AMEKETI.

"Ukikaa hapo karibu naye mtapendeza," likasema. "Hutamgusa, lakini mtaonekana kama mnagusana."

"Sina nafasi ya kukaa. Mimi nasoma jioni."

"Kibao hakisemi unasoma. Kibao kinasema umeketi."

Hapo nikatamka neno ambalo sitaliandika. Farasi akaangalia pembeni. Nikauliza hizo kanuni ziko wapi nizisome mwenyewe, maana kusoma najua.

"Hufundishwa jioni," Dirisha likajibu.

Nikakata kona mbio, na kona ilikuwa darasa letu la jioni. Darasa lenyewe, na ile taa yetu inayovuma. Ila waliokaa kwenye madawati walikuwa mitungi ya udongo, mikubwa, yenye vifuniko, imejaa siki. Mwalimu hakuwepo.

"Mama Shemsa, umechelewa tena," ukasema mtungi uliokaa kwenye dawati langu.

"Wamemshika mwanangu."

"Pole sana, shoga. Tuko kwenye kanuni ya mwisho."

"Isomeni kwa sauti."

Ukafunua kifuniko. Ukali wa siki ukanitoa machozi. "Kilichobadilika chenyewe, bila kuguswa na mtu, si urithi tena. Kitolewe nje ya mji siku hiyo hiyo."

"Kama ukuta unaojiangukia," ukafafanua mtungi wa dirishani.

"Au kama sisi," ukasema mwingine, mdogo, wa nyuma. "Sisi tulikuwa maji ya miwa. Hakuna aliyetugusa. Tulikaa tu, tukakasirika, tukawa siki."

Wakacheka wote, na vifuniko vikagonga. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshatoka.

Nilipofika, Sherehe nayo ilikuwa imefika, inahema. Ngoma zinatembea zenyewe bila wapigaji, sketi zinacheza bila wachezaji. "Haya mawe yanaumiza," ngoma kubwa ikalalamika. Zimemzunguka mwanangu. Dirisha linatangaza kwamba kila mwaka, siku kama ya leo, mtoto atalia kilio hiki hiki, na watu watakula.

"Haya, lia," ngoma ikamwambia Shemsa.

Shemsa akanyamaza. Huyo ni mwanangu.

Nikapiga magoti nje ya kamba. Sasa, Shemsa hajawahi kutambaa. Ukimlaza kifudifudi anapiga miguu pale pale kama anayeogelea, halafu anakasirika. Mama mkwe anasema ni mvivu. Mimi namjibu kwamba anapanga safari.

"Shemsa. Njoo."

"Hairuhusiwi kumwita!" Dirisha likalia kwa bawaba zake.

"Kibao kimesema nisiguse. Kimesema nisiite?"

Likakisoma kibao. Likakisoma tena. "Hakikusema."

"Basi kaa kimya. Shemsa, njoo mama. Njoo kwa mama."

Ananiangalia. Anapiga miguu. Haendi popote.

"Asije! Atakua!" analia yule wa mwavuli.

"Nyie!" nikawageukia. "Kuna nani kati yenu bado anabebwa mgongoni? Eh? Mmetembea wenyewe kutoka kwenu mpaka huku, mmekula, mmeshiba, halafu wangu ndiye akae chini milele ili nyie mpige picha? Hamna haya?"

"Nimepoa kabisa," empanada ikaita kutoka kwenye gari.

"Na wewe nyamaza!"

Shemsa ananyanyua tumbo. Anaanguka, kidevu kinagonga jiwe, twa, na mdomo unafunguka wote kabla sauti haijatoka. Ananinyooshea mikono miwili. Nibebe.

Nikimbeba, nimemgusa. Nikimgusa, anabaki.

Nikaikalia mikono yangu. Niliikalia kwa uzito wangu wote, na ilikuwa inapigana chini yangu kama kuku. Nililia kwa hasira. Nikamwambia, "Najua, mama. Najua inauma. Njoo hivyo hivyo."

Akalia mpaka akamaliza. Kisha akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake, jicho la mtu aliyechoka kungoja wakubwa. Akavuta goti moja. Akavuta la pili.

Anakuja.

Ngoma zikasahau kupiga. Alipofika kwenye kamba, kamba ikasitasita. "Mimi niliwekewa watu wazima," ikasema, ikajiinua kidogo. Akapita chini yake. Kibao kikadondoka kutoka kifuani kwake, kikaenda kikigongagonga kwenye mawe.

"Amebadilika!" Dirisha likapiga kelele, linatikisika lote, vipande vya chaza vinamwagika barabarani. "Ameharibika! Mashavu si yale tena! Mtoeni mjini! Leo hii!"

"Tunatoka," nikasema. "Na wewe urudi baharini!"

Nilifungua mikono nimpokee. Hakusimama. Akanipita ubavuni, akatambaa juu ya vile vipande, akashika barabara kuelekea alikosimama farasi, na mimi nyuma yake nikimtukana Dirisha kila hatua, bila kurudia tusi.

Niliamka kumeshapambazuka, blauzi imelowa, taya zinaniuma kwa kukaza meno. Chandarua kilikuwa kimechomolewa upande wa chini. Shemsa hakuwepo kitandani.

Nilimkuta sebuleni, kwenye kizingiti cha mlango wa nje, ameshika majani ya ufagio wa mama mkwe wangu.

"Nani kamleta huyu huku?" mama mkwe akauliza.

"Amekuja mwenyewe, mama."

"Huyu? Huyu asiyejua hata kujigeuza?" Akamnyanyua kwapani amkague. Akabandua kitu kwenye goti lake, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa kipande chembamba kama ukucha, cheupe, na jua lilipita ndani yake.

"Hiki si kipande cha ganda la chaza? Vile vya kwenye vifungo vya zamani." Akanitazama. Sisi tunakaa Singida. Pwani mama mkwe amefika mara moja tu, kwenye msiba. "Kakitoa wapi?"

Shemsa alikuwa anapiga miguu hewani, amekasirika kweli kweli.

"Mweke chini, mama," nikasema. "Bado anaenda."