Sentensi Arobaini na Moja

Mama Gesare aliniomba kitu kimoja tu. Alinikuta soko la Rongo nikinunua sabuni, Januari 1995, siku ile kamati ya wazazi iliponipa kazi ya kufundisha Kiingereza darasa la sita.

"Bichage, sasa unaingia ile shule. Niulizie mtoto wangu alikufaje."

"Si walisema malaria?"

"Malaria ya ghafla. Asubuhi alikunywa uji vikombe viwili, akanicheka nimefunga leso vibaya. Jioni nikamkuta amefunikwa shuka ya shule. Mimi sitaki korti. Nataka kujua tu."

Wiki iliyofuata alihamia Homa Bay kwa dada yake Orpah, kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Njia ya kwenda sokoni Rongo ilipita mbele ya lango la shule, na miguu yake ilikuwa imekataa lango lile.

Darasani nilikuta watoto arobaini na mmoja. Waliketi watatu watatu, isipokuwa dawati la dirishani. Hapo walikuwa wawili, na nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Sogeeni," nikawaambia.

Hawakusogea. Kwenye ile nafasi kulikuwa na diski.

Nitaieleza kwa yeyote aliyebahatika kutoijua. Ni kipande cha mbao chenye tundu na kamba ya katani. Mtoto akiteleza akasema neno la nyumbani, Kijaluo au Kikisii, anavishwa shingoni. Hapo anaanza kuwinda mwenzake ateleze, amvishe naye. Jioni kwenye paredi, aliye nayo anachapwa. Mzungu aliondoka na bendera yake, mbao akatuachia, na sisi tukaipiga msasa. Mimi niliivaa siku kumi na moja mwaka wa 1967. Kila aliyenivisha namjua kwa jina hadi leo.

Jioni ile Hedimasta Osoro alisimama mbele ya paredi akauliza diski iko na nani. Darasa langu likajibu kwa sauti moja, "Gesare, sir."

Osoro alitazama viatu vyake, akawaambia waende nyumbani.

Ilikuwa hivyo tangu Oktoba, msichana alipozikwa. Aliyeteleza hakuivaa diski, aliiweka kwenye nafasi ya Gesare. Walikuwa wamegundua mahali ambapo kiboko hakifiki. Tangu hapo hakuna aliyechapwa, na hakuna aliyecheka. Asubuhi nilipoita majina nilihisi wanangoja jina moja ambalo halikuwa tena kwenye rejista. Nikifika mwisho wa herufi ya G, wote waliinua macho.

Nilimwita Phanice, kiranja, pembeni. "Gesare alikufaje?"

"Tuliapishwa tusiseme, Ticha. Kwa Biblia."

"Na nani?"

"Hata hiyo ni kusema."

Wiki ya tatu tulifika kwenye vielezi, yale maneno ya Kiingereza yanayoeleza jambo lilifanywa vipi, lini, wapi. Vitabu vilikuwa vinne. Mimi sina cheti, Kiingereza changu nilikiokota kwenye magazeti ya kufungia sukari, kwa hiyo nilifundisha kwa mwili. Joash nilimwambia ale ugali kwa ulafi. Akajaza mashavu hewa, akameza, akapangusa mdomo kwa tai ya mwenzake. Wakacheka kidogo. Nikafurahi, mjinga mimi.

"Sasa nani atatuonyesha *slowly*? Atembee polepole."

Phanice akasimama. Mkono wa kulia akauweka juu ya sikio, wa kushoto akaupapasa ukutani, akatembea kutoka mlangoni kuelekea ubao. Alipofika katikati alisimama, kama mtu anayetafuta mahali pa kutapika, kisha akaendelea.

"Vizuri. Mwingine, kwa namna yake."

Zablon akatembea. Mkono sikioni, mkono ukutani. Akasimama palepale. Mong'ina naye vilevile. Sita, saba, wanane. Hakuna aliyeangalia mwenzake, wala hakuna aliyekosea hatua. Niliwaambia waketi, nikagawa karatasi.

"Kila mmoja sentensi moja. Mtu alifanya nini, na alifanya vipi."

Walianza kuandika kabla sijamaliza kusema. Hakuna aliyeniuliza herufi.

Nazitafsiri hapa baadhi. Joash: Gesare alichukua diski ya mtoto wa darasa la kwanza kwa hiari. Zablon: alinisikia nikisema Kijaluo waziwazi, akakataa kunivisha. Phanice: Hedimasta alimpiga kichwani kwa ukingo wa mbao, tena na tena. Mong'ina: alitembea polepole hadi kwenye tangi la maji, akalala. Na mmoja wa nyuma kabisa, asiyezungumza: hakuna mwalimu aliyetoka nje haraka.

Kalamu nyekundu ilibaki mfukoni.

"Tumesema?" Phanice aliniuliza, amekunja uso.

"Hamjasema."

Osoro alikuwa mlangoni. "Bichage, darasa lako lina kimya gani hiki?"

"Vielezi, bwana."

Akachukua ya juu, akaisoma. Aliirudisha kwa vidole viwili. "Choma hizo. Wewe ni mtu wa kuokotwa, hata namba ya mwajiri huna. Ukikohoa umerudi kwenu."

Nilitoka nazo ndani ya shati.

Nilifika Homa Bay Jumamosi. Nilimkuta Mama Gesare ametoka kanisani, bado na kitambaa cheupe.

"Leo ni Sabato, Mwalimu. Sifanyi kazi."

"Hii si kazi, Mama. Ni kusikia tu."

"Kusikia hayo ndiyo kazi kubwa." Akavuta kigoda. "Soma."

Nilisoma zote, kwa Kiingereza chao, kisha kwa Kikisii chetu. Orpah alitoka nje katikati. Mama Gesare hakutikisika mpaka ya Zablon.

"Zablon yupi?"

"Wa kinyozi."

"Huyo alikuwa anakula kwangu." Akalaza kiganja juu ya karatasi hiyo. "Kwa hiyo Gesare angeweza kumvisha huyo, akaja nyumbani."

"Ndiyo, Mama."

"Akakataa."

Nilimwambia Jumatatu nazipeleka polisi, nitamvua Osoro nguo barabarani, miaka hii yote nimengoja karatasi kama hizi. Nilisimama nikisema. Alinitazama kama unavyotazama mlevi.

"Majina ya watoto yako juu?"

"Yapo."

"Na Jumanne Osoro atawafanya nini?"

Hasira yangu haikuwa imefika Jumanne.

Aliingia ndani, akarudi na wembe. Alikata majina moja moja, akayatia kwenye jiko la Orpah. "Sasa watie sahihi watu wazima. Nilisema sitaki korti. Naitaka." Niliandika jina langu kwenye kila karatasi. Yeye alipaka wino wa kalamu kidoleni, akakandamiza, mara arobaini na moja.

Polisi walisema karatasi isiyo na mwandishi si ushahidi. Mimi nilifutwa kazi, na Osoro akahamishwa, maana hivyo ndivyo wanavyoadhibu: mwizi wa mbuzi jela, mwuaji wa mtoto uhamisho. Kwanza alipelekwa shule moja karibu na Kisegi. Tulimfuata, tukagawa nakala za zile karatasi sokoni, akahamishwa tena.

Tulimpata kisiwani Rusinga, siku ya wazazi, 1997. Alikuwa meza ya wageni, soda mkononi. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mzazi mwenye neno, Mama Gesare akasimama.

"Wewe ni mzazi wa nani, mama?"

"Wa Gesare."

Soda ya Osoro ilirudi mezani. Mama hakuwa na karatasi. Miaka miwili nilikuwa namsomea, na Kiingereza hakijui, lakini sentensi zote alikuwa amezishika kichwani, na makosa ya watoto ndani. Akaanza ya kwanza, kwa lafudhi ya watoto.

Darasa la sita la shule ile lilikuwa limeketi chini, mbele. Wamezoeshwa kwamba mtu mzima akisoma Kiingereza, wao hurudia. Wakarudia. Alipotamka ya pili, wakairudia pia, sauti safi, mikono mapajani, watoto ambao hawakumjua.

"*Stop!*" Osoro akapiga kelele, amesimama.

"*Stop!*" wakarudia.

Wazazi walikuwa wamegeuza viti. Mama Gesare alingoja watoto wamalize, akavuta pumzi, akaenda kwenye ya tatu.