Robo ya Fenesi

Mtaa mzima wa Chatsworth ulijua kuwa Poobalan Chinnasamy na nyama ya kondoo hawaachani, ndiyo maana watu walicheka waliposikia ameweka nadhiri: mwezi mzima wa Purattasi, mwezi wa mfungo wa Watamil, hatagusa nyama, ili binti yake Thilo ajifungue salama. Mimba mbili za Thilo zilikuwa zimetoka. Hii ya tatu ilikuwa imetimiza miezi tisa, na baba yake alikuwa tayari kula hata majani.

Ila maharage yalikuwa yamemfika hapa. Kila mchana alikwenda dukani kwa Anti Mogie kununua bani, robo mkate uliochimbwa ndani ukamiminiwa mchuzi wa maharage, kiini kikarudishwa juu kama kifuniko. Alikula ndani ya gari amenuna. Anti Mogie naye, Purattasi ikiingia, hupandwa na wazimu wa mapishi. Mwaka ule alishajaza mikate yake malenge kwa dengu, ua la mgomba, hata tambi kwa karela chungu, Mungu amsamehe. Jumamosi moja, na Jumamosi ndiyo siku kubwa ya mfungo huo, akaja na jipya.

"Leo achana na maharage, kaka. Nimepika fenesi bichi. Utadhani unakula kondoo."

"Usinichezee, Mogie. Mimi kondoo namjua tangu sina meno."

"Na meno yenyewe ndiyo hayo yanakwisha tena. Chukua chako hapo kaunta, mimi mikono imejaa mchuzi."

Akachukua kifurushi, akaenda kukaa garini. Akamega kiini, akachovya, akala. Lo, utamu ulioje! Kile kitu kilichambuka nyuzi nyuzi, kikalainika ulimini, kikaacha mafuta kwenye vidole. Alikuwa amefika katikati ya mkate alipouma kitu kigumu. Akakitema dirishani bila kukitazama, na kunguru, kiumbe asiye na haya, akashuka akakinyakua.

Hapo ndipo moyo ulipomlipuka. Ule ulikuwa mfupa, au ganda la mdalasini? Akaonja tena ili ahakikishe. Akaonja mara ya pili. Kila akionja alizidi kuchanganyikiwa, mpaka akashtuka mkate umekwisha.

Akarudi dukani mbio. "Mogie, umenipa nini?"

"Fenesi."

"Lina mafuta."

"Nimelikaanga, ulitaka nilichemshe kama nguo? Njoo uone." Akamfunulia masufuria mawili, la kondoo kule dirishani, la wanaofunga huku, kila moja na upawa wake. Poobalan akaonja fenesi. Bizari zile zile, mkono ule ule wa mpishi, nyuzi zile zile. Lilifanana na alichokula, na halikufanana.

"Niambie kweli, dada yangu. Nina mtoto tumboni mwa mtoto."

Mogie akaacha utani. "Kaka, mimi ninavyojua ni fenesi. Sasa nikuapie nini?"

Nyumbani alioga, akasimama mbele ya taa ya Perumal, mungu wa mfungo ule, na maneno yakamkataa. Akiomba msamaha, amekiri kosa ambalo huenda hakulifanya. Asipoomba, na kama alikuwa kondoo je? Akasimama pale mpaka mkewe akamuuliza kama kiuno kimembana. Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe hakuijua pa kuishika.

Jumatatu uchungu ukamshika Thilo. Poobalan alikaa kwenye benchi la hospitali hatikisiki, akimhesabu kila nesi anayepita kuwa ndiye analeta habari mbaya. Ilipofika alasiri wakamwita. Mtoto wa kike, mzima, analia kwa hasira zake.

Akaingia, akalia na yeye. Basi kumbe lilikuwa fenesi, akajisemea, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi akapumua.

"Baba, nikikwambia utakasirika?" Thilo akasema. Mumewe, Vishen, akaanza kutazama viatu vyake. "Jumamosi nilitamani nyama mpaka nikalia. Kwa kuwa nyumba imefunga, nikamtuma huyu kwa Anti Mogie aniletee, niile garini. Alikuwa ameshaagiza alipokuona, akajificha mpaka ukaondoka."

"Nikachukua kifurushi kilichobaki pale kaunta," Vishen akasema.

"Fenesi, baba. Mimi nina hamu ya kondoo, naletewa fenesi."

Poobalan akatafuta kiti. Kwa hiyo katika ukoo mzima, siku ile takatifu, aliyekula nyama alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyeapa. Na mtoto ni mzima. Sasa hiyo nadhiri ilipokelewa, au haikusikika kabisa, au kuna mwingine aliyeitimiza? Akaligeuza swali kila upande, hakuona mlango.

"Nyama yako niliila mimi," akasema. "Yote. Nisamehe, mwanangu."

Thilo alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Kisha akamtazama baba yake usoni, kicheko kikamwishia. Akamwekea mtoto mikononi.

"Mimi sikuwa na shida na nyama, baba. Aliyekuwa anaitaka ni huyu. Ukaweka nadhiri wewe, nyama akaikosa yeye. Mwombe radhi yeye."

Poobalan alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, na hakuwa na desturi ya kuomba radhi. Akainamisha kichwa juu ya kile kiuso kilichokunjamana, akamwomba radhi mjukuu wake, kwa sauti, na manesi wanasikia.