Duka Lipi Lifuatwe

...na sasa mashine inauliza duka lipi lifuatwe, kana kwamba yeye na mdogo wake ni kesi, lakini haya, si waliyataka wenyewe, baada ya ile harusi iliyokosa keki kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayeoka, aibu ile, bibi harusi kashika kisu na meza tupu... ndipo wakakubaliana oda za maduka yao mawili ya keki ziunganishwe huko mtandaoni, ukiandika huku ionekane kule, na fundi yuko kwenye simu tangu asubuhi, mpole, kwake kila kitu rahisi, "Dada, limebaki jina moja tu linalogongana, chagua tufunge kazi," jina moja tu, anasema, nalo ni la mama... dukani kwake yeye, dada mtu, limeandikwa "marehemu, ondoa", aliandika mwenyewe wiki ileile ya msiba, macho yamevimba lakini kazi ni kazi, na dukani kwa mdogo mama yu hai, keki ndogo ya ndimu, sukari kidogo, kila mwaka siku yake ya kuzaliwa, atakuja kuichukua mwenyewe... atakuja mwenyewe, jamani... na mdogo huyu ndiye yeye mwenyewe alimwita moyo mkavu mbele ya mashangazi, eti hakutoa chozi, eti viti vya msiba havijarudishwa yeye kesharudi kwenye oveni, kumbe alikuwa anaoka, miaka yote hii anaoka, na keki yenyewe anaila nani, maskini, anaila peke yake nyuma ya duka, amesimama, shavu limejaa, kama utotoni akigombezwa, anatafuna ili asilie... "La dada lifuatwe, fundi, yeye ndiye mkubwa," sauti ya mdogo inaingia kwenye simu, nyuma yake masufuria yanagongana, hajui jina lililobaki ni lipi, angejua asingesema hivyo, maana akibonyeza tu mama anafutika na kule... ukubwa gani huu, mara ngapi amemwambia usilie, usicheke, nyamaza, naye akanyamaza kweli, kitinda mimba wa mama... "Dada, upo?" anauliza fundi, "Nipo." "Umebonyeza?" bado, kidole kipo palepale, fundi anakohoa, chai inapoa, "Mdogo wangu... ile ya ndimu, mwaka huu na mimi unikatie kipande," na kule masufuria yakanyamaza.