Nyuzi Tano za Zamani

Duka la zawadi la Kinuyo hufunguliwa saa nne, lakini saa tatu na nusu Fusae alikuwa keshasimama mlangoni na mwavuli wake, anachungulia ndani kupitia fito za dirisha. Manyunyu ya Aprili yalikuwa yamewazuia watalii hotelini, na mtaa mzima wa Higashi, mjini Kanazawa, Japani, ulikuwa mtupu. Nyumba za mbao zilikuwa zimelowa hadi kuwa nyeusi tii. Fusae alikohoa. Akakohoa tena, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikiwa.

"Wewe, unataka kununua au kuiba?" Kinuyo alisukuma mlango upande, kitana bado kiko kichwani.

"Nataka kufungiwa zawadi. Na unifungie mwenyewe, si yule binti wako wa Jumamosi."

"Ingia kwanza, unanidondoshea maji."

Walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, na sasa wana miaka sitini na minane kila mmoja, lakini hawajawahi kusalimiana vizuri hata siku moja. Fusae alivua koti, akapita kwa hadhari kati ya leso zenye picha za sungura, vikombe vya chai na visanduku vilivyopakwa dhahabu ya Kanazawa, akatua kifurushi chake mezani. Ndani mlikuwa na bakuli mbili za mti za supu, moja nyekundu, moja nyeusi, zinang'aa mpaka unajiona sura.

"Hizi si za mtu wa hivihivi," Kinuyo alisema. "Harusi?"

"Harusi."

"Ya nani?"

Fusae aliinamia kikombe cha chai alichowekewa. "Ya Misuzu."

"Misuzu wa kaka yako? Tena?"

"Tena. Na ukicheka, natoka."

Kinuyo hakucheka, maana kisa alikijua. Nani asiyekijua? Zawadi ya Kijapani hufungwa kwa nyuzi ngumu za karatasi, nyekundu na nyeupe, na fundo lake ndilo linalosema. Mtoto akizaliwa, mtu akifaulu, unafunga fundo la kipepeo, lile linalofunguka kwa kuvutwa kidogo na kufungika tena, kwa sababu heri za namna hiyo unaziomba zirudi. Harusi ni kinyume chake. Hapo unafunga fundo lisilofunguka, ukilivuta linazidi kukaza, kwa sababu hakuna anayemwombea bibi harusi arudi kuolewa mara ya pili. Hili hata mtoto wa shule anakujibu bila kufikiri.

Sasa miaka tisa iliyopita, asubuhi ya harusi ya Misuzu, Fusae alikuja mbio katika duka hili hili akakuta limejaa watu hadi nje. Hakuwa na subira ya foleni; hajawahi kuwa nayo. Akarudi nyumbani, akachukua nyuzi zilizobaki kwenye zawadi ya mtoto wa jirani, akafunga mwenyewe harakaharaka. Akafunga kipepeo. Ukumbini mama wa bwana harusi aliitazama ile zawadi, akamtazama Fusae, halafu akaifunika kwa kitambaa cha mezani kama mtu anayefunika chakula kilichoingia nzi. Miaka minne baadaye wale wawili wakaachana, na yule mama akamwambia kaka yake Fusae: "Fundo lile lilitoka upande wenu."

Maneno hayo yalimfikia Fusae, na tangu hapo hakupata amani. Aliacha kwenda kwenye shughuli za ukoo. Kila Misuzu alipopiga simu, Fusae alikuwa na sufuria jikoni au mgeni mlangoni. Wiki iliyopita ikaja kadi: *Shangazi, naolewa. Tuonane Jumamosi saa tano kwa Bi Kinuyo, nataka umwone mwenyewe. Na usinikimbie.* Hakuuliza anaolewa na nani. Aliona kwamba mtu aliyevunja ndoa ya kwanza hana uso wa kuulizia ya pili. Kitu kimoja tu alikitaka: Misuzu akifika, zawadi iwe tayari mezani, imefungwa fundo ambalo hata shetani halifungui.

Kinuyo alizifunga bakuli kwa karatasi nyeupe, akatoa nyuzi kumi, akazilaza sambamba, akazipindisha, akapitisha ncha hapa na pale mpaka fundo likatokea. Fusae akashika ncha mbili akavuta.

"Limelegea."

"Halijalegea."

"Funga tena."

Kinuyo akafunga upya. Fusae akavuta kwa nguvu zake zote, mguu mmoja umeegemea meza.

"Nyuzi za pembeni zimecheza. Nimeziona."

"Fusae! Hii ni zawadi, si ng'ombe!"

Lakini alifunga mara ya tatu, kwa sababu aliona mwenzake bado ameshika ncha, hataki kuziachia. Mara ya tatu Fusae alilitazama fundo kwa muda mrefu, akashusha pumzi. Ilikuwa saa tano kasorobo.

Hapo mlango ukateleza, akaingia mwanamume mrefu mwenye mvi chache, koti limelowa, kisanduku cha maandazi matamu mkononi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba," alijibu Fusae, kwa mazoea tu, kisha akamtambua. Alikuwa Daigo. Mume wa kwanza wa Misuzu, fundi wa vigae vya paa, mtoto wa yule mama wa kitambaa. "Wewe! Unatafuta nini hapa?"

"Nimekuja—"

"Kwamba umekuja naona, nina macho. Sasa ondoka."

"Lakini Shangazi, mimi—"

"Misuzu anakuja hapa sasa hivi na mchumba wake! Akikukuta wewe umesimama katikati ya duka kama nguzo, atajisikiaje? Na huyo mwanamume wa watu? Mtu mzuri kama yule!"

"Unamjua?" Daigo aliuliza, macho yamemtoka.

"Simjui. Lakini hawezi kuwa mbaya kukushinda wewe."

Nje mtu alikuwa anakung'uta mwavuli. Fusae hakungoja. Alimshika Daigo mkono, mtu mzima wa kilo themanini, akamburuta hadi nyuma ya duka, akasukuma pazia pembeni, akamsukumia stoo katikati ya maboksi ya vikombe, akafunga mlango na kuuegemea kwa mgongo. Kinuyo alikuwa amejiziba mdomo kwa leso ya kuuza.

Misuzu akaingia, mashavu mekundu kwa baridi. Alimwona shangazi yake, akasahau hata kuinama kumsalimu.

"Shangazi! Leo umekuja kweli!"

"Nimekuja, mwanangu." Fusae alitamani kumsogelea, lakini mlango ulikuwa unataka kulindwa.

"Mbona umesimama huko?"

"Napumzisha mgongo."

Misuzu alitazama huku na huku. "Na Daigo yuko wapi? Nilimwambia atangulie mimi nikiegesha gari."

Ndani ya stoo mtu akapiga chafya.

"Yupo," Kinuyo alisema, machozi yanamtoka kwa kicheko. "Shangazi yako kakuhifadhia."

Mlango ulipofunguliwa, Daigo alitoka na majani ya kufungia vikombe kichwani, kisanduku chake bado kakishika wima. "Nilijaribu kumwambia," alisema.

"Hukujaribu," Misuzu alimwambia. "Wewe ukijaribu kusema, watu wanafika, wanakula, wanaondoka, bado uko kwenye neno la kwanza." Akamgeukia Fusae. "Paa langu lilivuja baada ya theluji. Nikapigia simu kampuni ya mafundi wa paa, nikasikia ngazi nje, nachungulia, nani yuko juu ya ngazi? Huyu. Paa lenyewe lilichukua siku mbili. Chai ikachukua mwaka mzima."

"Ni yeye?" Fusae aliuliza. "Unaolewa naye yeye?"

"Yeye huyo huyo uliyemfungia stoo."

Fusae alikaa kwenye kipandio cha mbao mlangoni mwa stoo. Kisha ikamtoka yote kwa mkupuo mmoja. "Mimi ndiye niliyewaharibia. Lile fundo. Nilikuwa na haraka, sikutaka kupanga foleni, nikawafungia kipepeo kama watoto wachanga. Miaka mitano nimekukimbia, Misuzu, kwa sababu nikikuona naona lile fundo."

"Basi ni hilo?" Misuzu alipiga magoti mbele yake. "Mimi nilidhani umenichoka! Shangazi, tuliachana kwa sababu tulikuwa wajinga. Huyu hasemi, mimi sinyamazi. Fundo limehusikaje?"

Akafungua mkoba, akatoa bahasha, akamimina kiganjani nyuzi tano, nyekundu na nyeupe, zimepauka, bado zina mikunjo ya kipepeo.

Fusae alizijua mara moja.

"Mama mkwe alitaka kuzitupa siku ile ile, nikaziiba," Misuzu alisema. "Zawadi zote zilitoka madukani zimenyooka. Yako tu ndiyo ilikuwa imefungwa na mkono wa mtu ninayemjua."

Daigo alikohoa. Wote wakamtazama, kwa sababu ilionekana ana la kusema. "Tulipoamua kurudiana," alisema polepole, "mimi nilimuuliza kama bado anazo. Nikamwambia, bahati yetu Shangazi alitufungia fundo linalorudiwa."

Fusae alianza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, na hakuona haya hata kidogo. Alimpangusa Daigo majani kichwani, akamwomba radhi, kisha akamgombeza kwa kupiga chafya.

"Lakini hizi ni tano," Kinuyo alisema, akizihesabu nyuzi. "Za harusi huwa kumi."

"Hata hesabu nilikosea!"

"Uliwahi kuipatia lini?"

Fusae alijifuta macho. Alichomoa lile fundo lililomgharimu Kinuyo mara tatu, akaliweka pembeni bila hata kuomba ruhusa, akavuta droo, akatoa nyuzi tano mpya. Akazilaza mezani ubavuni mwa zile tano za zamani.

"Nielekeze," alimwambia rafiki yake. "Nafunga mimi. Lile lisilofunguka."

"Una haraka?"

"Leo sina haraka yoyote."

Kinuyo akamwelekeza, kidole kwa kidole. Nyuzi za zamani zilikuwa zinataka kurudia mikunjo yao, na Fusae alizinyoosha moja moja kwa ukucha, ulimi umemtoka nje kama alipokuwa darasa la kwanza. Watalii wawili walichungulia, Kinuyo akawapungia mkono waje baadaye. Fundo likatokea. Halikuwa zuri, upande mmoja ulikuwa umevimba na rangi hazikufanana.

"Misuzu, shika ncha hii. Daigo, hii. Vuteni."

Wakavuta. Fundo likakaza.

"Tena."

"Jamani," Kinuyo alisema, "mtapasua karatasi."

"Ikipasuka tutaweka nyingine," Fusae alisema. "Vuteni, wanangu."