Kitambaa cha Langoni

Mwaka ule wa kikohozi, vita vya Hitler vikiwa vimeisha juzi tu, Bwana Afya alitoa amri: haingii mtu soko la Kisii bila kitambaa mdomoni. Sasa nani alikuwa na kitambaa cha ziada? Watu wakatafuta njia yao. Anayetoka anamvulia anayeingia.

Mimi nilikuwa nauza chai na mandazi pale pale langoni, na wateja walinijaa kama nzi. Niliona kipande kimoja cha gunia la unga kikipita midomo ya wenye mafua, wenye vidonda, wazee wasiojua mswaki. Kufika saa sita kilikuwa kimelowa, kina utelezi kama njia ya konokono. Wateja walicheka. Mimi nilitema mate mpaka koo likakauka.

Siku hiyo akatoka Nyangau wa Gesima, pua imejaa ugoro, anapiga chafya ndani ya kile kitambaa. Ng'ombe wake wa mahari walikuwa wameshafika kwa kina Bochaberi, mchumba wake, ilibaki harusi tu. Akakivua, akamwachia Angwenyi, askari wa lango, akaenda kukojoa nyuma ya ukuta.

Mara huyo Kwamboka, mama yake Bochaberi, mkungu wa ndizi kichwani.

"Mama, mdomo!" Angwenyi akamzuia, akamnyooshea kile kile.

"Cha nani hiki?"

"Cha serikali."

"Mama Bochaberi, usivae!" nikapiga kelele. Wapi! Mkungu unamlemea shingo, anataka kuingia autue. Alishafunga. Akavuta pumzi, macho yakamtoka.

"Batuli, haya mate ni ya nani?"

Kabla sijafungua kinywa, Nyangau akatokea huku akifunga suruali. "Angwenyi, nipe tena kitambaa changu, nimesahau chumvi."

Lango zima likamgeukia Kwamboka. Kwao Wakisii, mkwe na mama wa mkewe hata mkono hawapeani, hata kula wakitazamana hawali. Leo makamasi ya huyu yako kwenye ulimi wa huyu! Mkungu ukaanguka. Kwamboka akatapika juu ya viatu vya Angwenyi. Nyangau akageukia ukuta, kajifunika uso.

"Mwambieni aje achukue ng'ombe wake," Kwamboka akasema, akisugua ulimi kwa upindo wa gauni.

"Kijana hakujua, mama."

"Mimi ndiye niliyeonja, Batuli. Si wewe."

Wazee walihangaika, kondoo akachinjwa kuondoa ile aibu, harusi ikafungwa. Nilialikwa, ningekosaje? Amri ilikuwa imeshaondolewa, midomo yote wazi, inakula nyama. Kwamboka peke yake alikaa amefunga kitambaa chake mwenyewe, merikani mpya, kimekazwa hasa. Hakula, hakunywa.

"Mama, vua basi, leo ni siku yangu," Bochaberi akambembeleza.

"Nikivua, mwanangu, nasikia ule ugoro."